Jinni wa Kisima cha Bi Zumarudi

Sogeeni, sogeeni karibu, mkeka bado una nafasi. Wewe uliye mlangoni, ingia ama toka, usituzibie upepo. Anayetafuna muwa autue chini. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Na anayejua mwisho wa hekaya hii aufumbe kinywani kama tambuu, maana ukimkatiza msimulizi unawakatiza na wale waliomsimulia yeye, nao wamekufa zamani, na wafu hawana subira. Mmenyamaza? Haya, kimya hicho msikiondoe hapo.

Hapo zamani, katika mji wa Mwangoni, alikuwako sultani jina lake Zahrani. Hakuwa sultani mbaya. Hakupiga watu, hakunyang'anya mashamba, wala hakuoa wake za wenzake. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda mambo ya ajabu kuliko wali wa nazi. Jumbani mwake alitenga chumba kizima cha mastaajabu, na humo mlikuwa na jiwe linalovuta sindano, na yai la mbuni, na jogoo wa miguu mitatu aliyekaushwa akapakwa mafuta, na kioo kinachomwonyesha mtu miguu juu kichwa chini. Na kila ajabu mpya ilipoingia, sultani aliizunguka akipiga makofi kama mtoto, kisha akauliza, "Sababu yake nini?"

Na hapo ndipo maradhi yalipozidi, kwani wa kumjibu walikuwako, wamekaa, wamekula, wanangoja kuulizwa.

Hao walikuwa wanafalsafa wa baraza. Wote walikuwa na vilemba vikubwa, na mkuu wao, Ustadhi Burhani, alikuwa na kilemba kikubwa hata akipita mlangoni alipita upande. Ustadhi Burhani alijisifu kwamba tangu azaliwe hajapata kushindwa katika hoja. Watu wakamstahi kwa neno hilo. Lakini mimi nawaambia, mtu asiyeshindwa kabisa katika bao, usimsifu kwanza. Mtazame vidole vyake.

Tena tuone alivyokuwa akijibu. Sultani alimwuliza, "Jiwe hili kwa nini lavuta sindano?"

"Maulana, kwa sababu lina tabia ya kuvuta."

"Na tumejuaje kwamba lina tabia hiyo?"

"Kwani Maulana hulioni? Lavuta sindano."

Sultani akatikisa kichwa kwa raha, akaamuru ustadhi aletewe halua. Basi ndivyo walivyoishi mle jumbani: swali linatoka huku, linazunguka kilemba, linarudi pale pale lilipotoka, halafu watu wanakula halua.

Na katika mji huo huo alikuwako fukara mmoja akiitwa Shekue. Kanzu yake ilikuwa moja. Siku akiifua alishinda ndani akingoja ikauke, na mtu akimpigia hodi alijibu kutoka dirishani, "Sipo, nimeanikwa." Hakuwa na shamba, hakuwa na mke, wala hakuwa na kazi ambayo mtu angeweza kuitaja mbele ya wakwe. Alichokuwa nacho ni ulimi, na shangazi yake Bi Zumarudi, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, yeye angali ananyonya.

Bi Zumarudi alikuwa mjane. Marehemu mumewe alimwachia kisima kimoja nyuma ya msikiti, nacho alikuwa amekichimba kwa mikono yake mwenyewe. Kando ya kisima hicho bibi yule alikaanga vitumbua kila alfajiri, na waliokuja kutawadha walichota maji bure, kisha wakanunua vitumbua kwa aibu. Shekue alikula vile vilivyoungua. Na jambo la kushangaza, vilivyoungua vilikuwa vingi, wala hakuna aliyeuliza inakuwaje mkaangaji hodari kama yule aunguze namna ile kila siku. Shekue alijua. Alinyamaza tu, akala.

Sasa kisima hicho kilikuwa na jambo lake. Wakati wa kipupwe, watu waliotawadha alfajiri walikuta maji yana uvuguvugu mzuri, mtu anatia uso anasema alhamdulillahi. Wakirudi adhuhuri, jua likiwa utosini, maji ni baridi, mtu anatia uso anasema alhamdulillahi tena. Mji mzima walijua hivyo, na hakuna aliyeumia.

Ikawa msimu mmoja wa kipupwe birika la jumbani likapasuka, na sultani akatoka na watu wake kwenda kutawadha msikitini. Alfajiri akatia mkono katika ndoo ya Bi Zumarudi, akautoa, akautia tena. "Maji ya moto! Nani kayapasha?" Watu wakamwambia hakuna aliyeyapasha. Adhuhuri akarudi, akatia mkono, akapiga ukelele wa furaha. "Baridi! Wallahi, baridi!" Akasahau hata sala, akaenda zake mbio jumbani, viatu mkononi, akaita baraza.

Akasimama mwanafalsafa wa kwanza, akanena, "Maulana, jambo hili ni jepesi. Usiku jua hupita chini ya ardhi kurudi mashariki. Likipita chini ya kisima huyapasha maji, na alfajiri ndiyo kwanza limepita."

"Mbona basi visima vya mashambani havina habari hiyo?"

"Havikuwa njiani, Maulana."

Akasimama wa pili, akanena, "Siyo. Joto na baridi ni wake wenza. Baridi akitwaa ua, joto hukimbilia kisimani. Adhuhuri joto akirudi uani, baridi naye hutumbukia." Sultani, aliyekuwa na wake wawili, akaguna kwa kuelewa, na kidogo ashawishike.

Hapo ndipo Ustadhi Burhani alipoondoka kitini, akaweka sawa kilemba chake, akanena taratibu, kama mtu anayepanda ngazi:

"Maulana. Kila kinachopashwa kina mpashaji. Jua si mpashaji, kwani alfajiri halijatoka. Moto si mpashaji, kwani moshi hauonekani. Basi mpashaji haonekani. Na asiyeonekana, naye anafanya kazi kwa saa zake, huyo ni jinni. Jinni akikaa mahali ana mwenyewe aliyemweka. Mwenye kisima ni Zumarudi. Basi Zumarudi anafuga jinni katika maji wanayotawadhia Waislamu."

Baraza zima likatoa sauti moja ya kustaajabu. Ngazi ilikuwa nzuri mno, kila kipandio kikishika kingine, hata hakuna aliyeinama kutazama kama chini imekanyaga ardhi.

Sultani akauliza kwa sauti ya chini, "Na huyo jinni, yuko aliyepata kumwona?"

"Hilo ndilo linalothibitisha, Maulana. Jinni wa kuonekana si jinni kamili. Kutoonekana kwake ndiyo hoja yetu yenye nguvu kuliko zote."

"Na wakati wa kaskazi, wasemavyo watu kwamba maji hayabadiliki?"

"Kaskazi hupumzika. Nani anayefanya kazi na joto lile?"

Mnasikia hoja hiyo? Akionekana, yuko. Asipoonekana, ndiyo yuko zaidi. Akifanya kazi, ni yeye. Asipofanya, amelala. Hoja ya namna hiyo huwezi kuishinda, kama vile huwezi kushindana mbio na mtu aliyekaa kitini akitangaza kwamba amekwisha fika. Na kisima chenyewe kilikuwa hapo nyuma ya msikiti, ukirusha kokwa ya tende toka barazani inaangukia ndani. Hakuna hata mmoja wao aliyekwenda kutia kidole.

Basi mbiu ikapigwa: siku ya Ijumaa, baada ya sala, kisima kijazwe mawe, na Bi Zumarudi avushwe ng'ambo ya mto, asirudi Mwangoni maisha yake yote.

Shekue aliisikia mbiu akiwa dirishani, kanzu yake ingali juu ya kamba. Akaichukua mbichi, akaivaa, akaenda kwa shangazi yake maji yakimchuruzika miguuni. Akamkuta amekaa kibarazani anapeta mchele, anapeta tu, wala makapi yalikuwa hayapo tena.

"Shangazi, umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu. Mzee mwenye pembe ya mbiu hapunguzi sauti akipita kwangu."

"Na unapeta mchele?"

"Ulitaka nipete nini?" Akaweka ungo chini. "Shekue, marehemu mume wangu alipomaliza kuchimba kile kisima, vidole vyake havikunyooka tena. Mpaka tunamvika sanda vilikuwa vimekunjika hivi, kama vimeshika mpini. Nikiondoka hapa, yeye namwachia nani? Mawe?"

Kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue Shekue, ulimi wake ulikauka kabla ya kanzu.

Basi akaenda moja kwa moja jumbani, akaingia barazani akiacha alama za maji juu ya zulia la sultani.

"Ewe, u nani wewe unayeninyeshea?" akauliza sultani.

"Maulana, mimi ni Shekue, mpwa wa mfuga majini."

Ustadhi Burhani akacheka puani. "Huyu, Maulana, ni yule mtu anayeishi kwa vitumbua vilivyoungua."

"Kweli, ustadhi. Mimi nala vilivyounguzwa na shangazi yangu, wewe wala halua kwa kumuunguza. Kila mtu na riziki yake." Kisha akamgeukia sultani. "Maulana, kisimani hamna jinni."

"Kama hamna jinni," akanena Burhani, "basi tuambie ni nani anayepasha maji alfajiri na kuyapoza adhuhuri."

"Sijui."

"Hajui!" Ustadhi akaligeukia baraza zima, mikono juu. "Mimi najua, yeye hajui, na bado ananibishia!"

"Ustadhi, nikikuta mlango wangu uko wazi na kuku hayupo, sitasema kamchukua jirani kwa sababu tu simjui mwingine."

Sultani alipenda maneno yale, lakini alipenda jinni wake zaidi, kwani chumba cha mastaajabu kilikuwa hakina jinni. Akanena, "Sikiza, Shekue. Mimi mkono wangu ulionja moto alfajiri na baridi adhuhuri. Yuko aliyenifanyia hivyo. Kama si jinni, mlete huyo aliye kweli, umlete hapa mbele yangu siku ya Ijumaa, na kamba yake. Usipomleta, kisima kitajazwa, na wewe utavushwa mto pamoja na shangazi yako."

Watu wakainamisha vichwa. Kumleta asiyekuwako, na kamba yake!

Shekue akafikiri kidogo, akauliza kwa adabu, "Na nikimleta, Maulana, atapewa adhabu gani? Maana shangazi yangu amehukumiwa kabla, si haki mwenye kosa akose hukumu."

Ustadhi Burhani, ambaye kinywa chake kilikuwa hakijui kungoja, akadakia, "Mtu aliyemdanganya sultani na mji mzima, asubuhi na mchana! Na amchotee maji ajuza yule mbele ya watu wote, kwa mikono yake, mpaka kipupwe kiishe!"

"Vyema," akanena sultani. "Naapa kwa kiti changu. Awe jinni, awe mtu, awe mkubwa, awe mdogo."

"Awe mkubwa, awe mdogo," akarudia Shekue, akainama, akatoka.

Sasa msidhani kwamba Shekue alikuwa na jawabu mfukoni. Kwanza kanzu yake haikuwa na mfuko. Alikwenda akakaa kando ya kisima, akakaa. Mchana akachungulia, akaona maji na uso wake mwenyewe. Akasikiliza. Akatupa jiwe, likasema chubwi, basi. Alfajiri ya pili akaamka na mapema, baridi ya kipupwe ikimtafuna masikio, akaja akitetemeka, akavuta ndoo, akatia mikono. "Aah. Maji ya moto kabisa."

Bi Zumarudi alikuwa ameketi mbele ya chuma cha vitumbua, makaa yanawaka, mikono yake miwili juu ya moto. Akaja kunawa unga katika ndoo ile ile, akaitoa mikono upesi. "Yarabi, maji ya baridi haya!"

"Ya moto, shangazi."

"Ya baridi, nakwambia. Unanifundisha maji ya kisima changu?"

"Mimi mikono yangu imo humu, ni ya moto!"

"Na yangu imo humu! Ni barafu!"

Wakatazamana, mikono minne ndani ya ndoo moja. Shekue akaiangalia mikono ya shangazi yake iliyotoka motoni, akaiangalia yake iliyotoka kwenye umande. Kisha akaanza kucheka pole pole, hata bibi akadhani mwanawe amerukwa na akili.

Lakini hapa ndipo penye tofauti ya mtu na kilemba. Burhani alipopata wazo lake alilipenda pale pale, akalivika nguo, akalipeleka barazani. Shekue alilitazama wazo lake kwa jicho baya, kama mtu anayetaka kununua mbuzi: akalifungua meno, akaliinua mguu. Akajisemea, "Huenda nimekosea. Kitu gani kitaniumbua?" Akatafuta shahidi asiye na ngozi.

Naye alikuwapo, juu ya rafu: chupa ya mafuta ya nazi. Mmekwisha yaona mafuta ya nazi wakati wa kipupwe, alfajiri yameganda meupe kama samli, mchana yamekuwa maji. Shekue akaifunga chupa vizuri, akaishusha kisimani kwa kamba alfajiri ile, akaiacha humo muda mrefu, akaivuta: mafuta yamelegea, si maji si jiwe, kama uji mzito. Mchana, jua kali, mafuta ya chupani yakiwa yameyeyuka yote, akaishusha tena, akangoja, akaivuta: uji mzito vile vile. Akarudia kesho yake. Uji ule ule. Chupa haikutoka kitandani, haikutembea juani, haikukaa motoni, basi haikuwa na sababu ya kusema uongo.

Hapo Shekue akaenda kulala, na kanzu akaifua, maana Ijumaa alitaka kwenda safi.

Ijumaa baada ya sala uwanja ulijaa. Mawe yalikuwa yamekwisha rundikwa kando ya kisima, na waliokuja kuyatupa wameshika viuno. Bi Zumarudi alikaa juu ya kifurushi chake cha nguo, chuma cha vitumbua mapajani, hatazami mtu. Sultani akaletewa kiti, na Ustadhi Burhani akasimama kuume kwake.

Shekue akaja na vyungu vitatu na kamba ya ndoo begani.

"Kamba naiona," akanena sultani. "Aliyefungwa yuko wapi?"

"Amekuja, Maulana, tena kwa hiari yake. Ila ana haya. Naomba Maulana anisaidie kumwita."

Akaweka chungu cha kwanza kuume kwa sultani, maji yaliyotoka jikoni, ya moto ila mkono unavumilia. Akaweka cha pili kushoto, maji ya mtungi wa udongo uliokesha upenuni, baridi ya kuuma meno. Cha tatu akakiweka katikati mtupu, akavuta ndoo kisimani mbele ya macho ya watu wote, akakijaza.

"Maulana atie mkono wa kuume katika cha moto, na wa kushoto katika cha baridi."

Sultani, kwa kupenda maajabu, akatia mara moja. Shekue akamgeukia Burhani. "Na ustadhi naye, kwa kuwa ndiye shahidi wetu mkubwa. Ila wewe kinyume: kushoto katika cha moto, kuume katika cha baridi." Burhani hakutaka, lakini sultani alimtazama, naye akakunja mikono ya joho lake, akainama. Basi wakakaa vile, wakubwa wawili wameinamia vyungu, mikono imepishana, na Shekue akatoa kitumbua kilichoungua akakila taratibu, akitafuna, akilamba vidole, bila haraka.

"Shekue!" akanena sultani. "Tumo!"

"Namaliza, Maulana. Jinni hapendi kuharakishwa." Akameza. "Sasa, mikono yote minne, katika chungu cha katikati."

Wakatia.

"Mkono wa kuume wa Maulana wasemaje?"

"Baridi."

"Na wa kushoto?"

Sultani akatoa macho. "Moto! Subhanallah, ni moto! Chungu kimoja!"

"Ustadhi Burhani, mna majini wangapi humu?"

Ustadhi jasho likamtoka chini ya kilemba, lakini hoja haikumwisha. "Wawili," akanena. "Mume na mke. Mmoja wa moto, amekaa upande wa kushoto, na mmoja wa baridi, amekaa upande wa kuume."

"Vyema. Na mkono wako wa kuume, ulio hapo hapo ubavuni mwa mkono wa kuume wa Maulana, hata vidole vyenu vinagusana, wasema nini?"

Burhani akautazama mkono wake.

"Sema, ustadhi," akanena sultani.

"Ma... Maulana, wasema... moto."

"Maulana asema baridi, wewe wasema moto, mahali pale pale. Basi mmoja wenu muongo. Ni nani, ustadhi? Sema kwa sauti, watu wa nyuma hawasikii."

Uwanja mzima ukanyamaza kama nyinyi hapa. Ustadhi Burhani, asiyeshindwa tangu azaliwe, alitazama upande mmoja akaona sultani, akatazama wa pili akaona mawe aliyoyaletesha mwenyewe. Na kilemba, kwa kuinama kule, kikamteleza pole pole, kikaingia katika chungu cha moto.

Hapo Shekue akapiga magoti, akaitandaza kamba ya ndoo juu ya mapaja ya sultani.

"Maulana uliniamuru nimlete anayekuonjesha moto alfajiri na baridi adhuhuri. Nimekuletea, tena wawili, wamekaa mwisho wa mikono yako, mmoja kuume, mmoja kushoto. Alfajiri wanatoka nje kwenye umande, wanakuta maji, wanasema moto. Adhuhuri wanatoka juani, wanakuta maji yale yale, wanasema baridi. Maji ya Bi Zumarudi hayajabadilika tangu kisima kichimbwe. Niliuliza hata mafuta ya nazi, nayo hayana mikono, yakaniambia hivyo. Jinni wako, Maulana, ulikuja naye. Na kamba yake hii hapa."

Watu wakaanza kujitenga na Shekue pole pole, maana mtu anayemwambia sultani kwamba mikono yake ni ya uongo si mtu wa kusimama naye karibu. Sultani aliitazama mikono yake, akaigeuza nje na ndani, kama mtu aliyekula na wageni miaka mingi bila kuwauliza jina. Kisha akaitazama kamba. Akakumbuka kiapo: awe mkubwa, awe mdogo.

Mabega yakaanza kumtikisika. Watu wakadhani ni hasira. Lakini sultani alicheka, akacheka hata machozi yakamtoka, akasimama, akavua joho, akaitwaa kamba. "Ustadhi Burhani," akanena, "adhabu ulinitungia wewe, nami siikatai. Lakini mikono iliyonidanganya ilikuwa miwili, na ulimi uliosaidia ulikuwa mmoja. Lete na yako, tuvute zamu."

Basi ikawa. Sultani Zahrani na Ustadhi Burhani wakamchotea maji Bi Zumarudi kila alfajiri mpaka kipupwe kikaisha, na mji mzima ukaja kutawadha hata wale ambao kwa kawaida hutawadha kwao. Siku ya kwanza sultani alimwaga nusu ya ndoo njiani. Bi Zumarudi, bila kuondoa macho kwenye makaa, akamwambia, "Pole pole, Maulana. Ndoo haijui cheo." Na Burhani alipoanza kueleza sababu ya kamba kuuma viganja, bibi alimkata: "Vuta, mwanangu. Sababu utaniambia ndoo ikifika juu." Yale mawe yaliyoletwa kuzibia kisima, sultani aliamuru yatumike kujenga ukingo wa kukizunguka, na huko kuyapanga nako walipewa wale wale waliokuja kuyatupa.

Siku zikaenda, wakafa wote, kama ilivyo ada. Kisima kilirithiwa na mji, kila atawadhaye ana haki yake. Chuma cha vitumbua kilirithiwa na Shekue, naye hatimaye akapata kazi ya kutajwa mbele ya wakwe, akaoa, na vitumbua vyake viliungua vingi kila fukara alipopita. Vyungu vitatu vilirithiwa na chumba cha mastaajabu, kando ya jogoo wa miguu mitatu. Kilemba cha Burhani kilirithiwa na mwanawe, pamoja na hoja zote zilizokuwa ndani, nazo hazijaisha mpaka leo, mnazisikia. Ile chupa ya mafuta ya nazi ilirithiwa na wanawake, mmoja baada ya mmoja, na ndiyo ile pale rafuni, msiiguse.

Na jinni je? Jinni hakurithi kitu. Hakuwako.